Usukani Unaocheza Hula Faida ya Msimu

Kila minada ya ufuta inapokaribia mkoani Lindi, biashara moja huchangamka kabla magunia hayajafika ghalani, nayo ni biashara ya magari yaliyotumika. Mwenye akiba ya mauzo ya korosho, mwenye duka Kilwa Masoko, mchuuzi wa samaki wa Somanga na mtumishi aliyepata mkopo benki, wote hao hutafuta kitu kimoja: kirikuu, pikapu au Noah ya kubeba mzigo na watu. Sehemu kubwa ya wanunuzi hao hawajapata kumiliki gari. Ukiwauliza bei ya kilo ya ufuta watakujibu bila kufikiri. Ukiwauliza kwa nini gari walilonunua juzi linavuta kushoto, watasema hayo ni mambo ya fundi.

Jibu hilo lina gharama, na hasa linapohusu stelingi. Injini ikifa gari husimama na mwenyewe akahuzunika. Stelingi ikiachia, gari haliulizi kama mbele kuna daraja, kituo cha basi au semitrela ya saruji. Mmiliki mpya hana haja ya kugeuka fundi, lakini hana udhuru wa kutojua kuchunguza usukani wake mwenyewe. Kazi hiyo huchukua robo saa, haihitaji mashine, na ndiyo inayotenganisha anayelipia ugonjwa wa kweli na anayelipia kubahatisha kwa mtu mwingine.

Barabara ya pwani nayo ina mchango wake. Vijana wanaoendesha leo hawakumbuki foleni ya kivuko cha Rufiji, kwa kuwa Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kiliendelea kuvunja shokapu na kula bushi kwa takriban miaka kumi mingine kabla ya lami kukamilika. Tangu kiwanda cha saruji cha Dangote kilipoanza uzalishaji Mtwara mwaka 2015, malori mazito yameongezeka katika njia hiyo hiyo, na shimo likichimbika gari dogo ndilo huingia gurudumu zima. Mapema Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwamo. Aidha, anayefuata ufuta na korosho huko Liwale kupitia Nangurukuru ana zaidi ya kilomita 200 za njia ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya udongo. Gari la mtumba lililokuwa likienda sokoni na kurudi katika lami laini ya Japani linatupwa katika mazingira hayo wiki moja tu baada ya kutoka bandarini.

Kisha ipo chumvi, ambayo wanunuzi wengi hawaitilii maanani. Kirikuu cha Kivinje au Somanga hurudi kinyumenyume hadi ufukweni kupakia samaki. Maji ya barafu yenye chumvi hutiririka kutoka bodi hadi chasisi. Wabebaji wa mwani na wa chumvi ya mashambani hali yao ni hiyo hiyo. Mpira mdogo unaofunika kichwa cha tairodi ukipasuka, mchanga na chumvi huingia, grisi hutoka, na chuma kikaanza kusaga chuma. Mpira huo ni kitu cha bei ndogo mno, lakini mara nyingi ndipo hasara yote inapoanzia.

Ichukuliwe hesabu ya mfano, na kila msomaji aweke tarakimu za kwake. Mwenye kirikuu anaingiza shilingi 70,000 kwa siku. Tairodi endi za mbele zimeanza kulegea. Akinunua spea kwa 60,000, akamlipa fundi 20,000, akafanya alaimenti kwa 30,000 na kupoteza nusu siku, jumla ni shilingi 145,000. Asipofanya hivyo, gurudumu halikai sawa na tairi mbili za mbele zitalika upande mmoja kabla ya miezi mingi. Kila tairi ikiwa 150,000, hizo ni 300,000, na gari likilala siku nne njia ya Liwale likisubiri spea kutoka Dar es Salaam, ongeza 280,000. Hiyo ni 580,000, yaani mara nne ya gharama ya kwanza, na ajali haijahesabiwa. Ajali ikitokea, wengi wana bima ndogo tu, ile ya kumlipa mtu wa tatu. Gari lao wenyewe halilipwi hata senti.

Katika kuchunguza, jambo la kwanza ni kuisikiliza dalili kabla ya kugusa spana. Gari linalovuta upande mmoja halimaanishi stelingi imekufa. Dawa ya kwanza ni upepo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha kiasi cha upepo, na katika magari ya Japani tarakimu huwa za kilopaskali, wakati geji za wajaza upepo wetu husoma kwa pauni. Ni kugawanya kwa 7 basi: 240 ni pauni 34 au 35. Upepo ukiwa sawa na gari bado linavuta, badilisha tairi za mbele, ya kulia iende kushoto. Likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Likiendelea kama mwanzo, endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na rimu bila kushika. Upande wenye joto kali kuliko mwenzake una breki inayong'ang'ania. Baada ya yote hayo ndipo alaimenti ishukiwe. Wapo watu waliolipia alaimenti mara tatu kwa gari lililokuwa na pistoni ya breki iliyokwama.

Mtetemo nao una lugha yake. Usukani unaotetemeka kuanzia mwendo wa 80 hivi na kutulia ukipunguza, karibu kila mara ni suala la balansi au rimu iliyopinda. Wakati wa masika pwani hii kuna sababu nyingine ya bure kabisa, nayo ni tope lililokaukia ndani ya rimu. Donge moja la udongo upande wa ndani hulifanya gurudumu liruke kama lina kilema. Maji na kijiti vinatosha, na hakuna haja ya kununua kitu. Usukani ukitetemeka pale tu breki inapokanyagwa, tazama diski za breki, si stelingi.

Kugonga ni habari tofauti. Sauti ya kok-kok katika mashimo madogo mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza au bushi zake, ambazo ni rahisi na hazina hatari ya papo hapo. Mlio mzito unaposikika wakati wa kukata kona umesimama, au usukani unaogoma kurudi wenyewe baada ya kona, huelekeza kwenye boli jointi au kikalio cha juu cha shokapu. Hapo pasichezewe.

Sasa kuhusu usukani wenyewe kucheza, yaani kuuzungusha kidogo na magurudumu yasiitike. Vitabu vingi vya Toyota huweka ukomo wa milimita 30 zikipimwa kwenye ukingo wa usukani, kiasi cha upana wa vidole viwili hivi. Ukizidi hapo kuna kiungo kimelegea mahali fulani, na kazi ni kukitafuta. Njia bora ni ya watu wawili, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake mahali tambarare, hendibreki imevutwa, magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe. Mmoja anakaa kwenye kiti na kutikisa usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo na kwa haraka, bila kugeuza magurudumu. Mwenzake anachutama mbele na tochi na kufuata mnyororo mzima kwa macho na vidole: kiungo cha nguzo ya usukani, reki na bushi zake, tairodi ya ndani, tairodi endi ya nje. Vidole viwekwe juu ya kiungo, si katikati ya vyuma vinavyoweza kubana. Kiungo kizima huzunguka pamoja na mwenzake. Kilichokufa huruka kwanza, ndipo mwenzake afuate, na mkono huhisi mruko huo hata kama jicho haliuoni.

Katika magari ya zamani zaidi, pikapu nyingi za kazi na malori madogo kama Canter, mnyororo ni mrefu kwa sababu hakuna reki bali boksi la stelingi lenye mkono na viunganishi vyake. Huko lawama yote hutupiwa boksi, na mafundi hupenda kulikaza kwa skrubu ya juu. Ni tabia mbaya. Boksi likikazwa kupita kiasi, usukani hukaba katikati na kuliwa ndani kwa ndani, wakati kosa lilikuwa kwenye kiungo cha pembeni cha bei nafuu. Canter za ekseli nzima zina kingipini pia, na hizo zisipopata grisi kila baada ya muda mfupi katika vumbi la Liwale, hukauka mpaka dereva akajiona anaendesha mtumbwi.

Uchunguzi wa pili unahitaji jeki. Hapa mmiliki mpya aelewe sheria moja isiyo na mjadala. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Gari liegemee stuli ya chuma au gogo imara kabla mkono haujaingia chini, wala haliinuliwi juu ya mchanga mtupu bila ubao. Gurudumu likiwa hewani, lishikwe kulia na kushoto na kutikiswa. Likicheza hivyo, tairodi zinahusika. Kisha lishikwe juu na chini. Likicheza hapo, ni boli jointi au beringi, na namna ya kuzitofautisha ni kumwomba mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, beringi ndiyo mgonjwa. Ukibaki, ni boli jointi. Boli jointi ya chini ikichomoka gurudumu hulala upande na gari hukaa chini, na hakuna dereva hodari wa kulirekebisha likiwa katika mwendo.

Usukani mzito hutisha wamiliki wapya kuliko inavyostahili. Upepo mdogo wa tairi huufanya mzito, na mzigo uliozidi mbele vilevile. Gari la pawa stelingi ya mafuta lina kopo lenye alama za juu na chini. Mafuta yakipungua yameenda mahali, kwani hayachomwi kama petroli, kwa hiyo tafuta hozi yenye jasho au mipira ya reki iliyojaa mafuta ndani. Toyota nyingi hutumia yale mekundu ya gia otomatiki, lakini zipo kampuni zenye mafuta yao maalumu, kwa hiyo maandishi ya kifuniko yasomwe kwanza. Kinachopaswa kukatazwa kabisa ni kumimina mafuta ya breki humo. Huharibu sili zote, na pampu na reki hufuata. Mlio wa kulia unaposikika usukani ukizungushwa hadi mwisho ni mkanda uliolegea au mafuta yaliyopungua. Magari madogo mengi ya siku hizi hayana mafuta kabisa, yana mota ya umeme. Taa ya usukani ikiwaka katika dashibodi, betri dhaifu na waya zilizoliwa na chumvi ziangaliwe kabla ya mtu kuuziwa reki nzima.

Ugonjwa ukishajulikana, ipo kazi ambayo mmiliki mwenye spana zake anaweza kuifanya, nayo ni kubadili tairodi endi ya nje. Kabla ya kufungua, nati ya kufungia itiwe alama ya rangi, na wakati wa kutoa, mizunguko ihesabiwe. Ikiwa ya zamani imetoka kwa mizunguko 18, mpya iingie kwa 18. Haitakuwa sahihi kabisa, lakini gari litafika kwenye alaimenti bila kula tairi. Nati yenye meno ikazwe, na tundu la pini lisipolingana ikazwe zaidi kidogo mpaka lilingane, kamwe isilegezwe. Pini iwe mpya. Pini ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo huokoa shilingi mia chache na kuweka roho za watu rehani.

Kwa kipimo cha haraka, mtu anaweza kuweka alama ya chaki kwenye tairi mbili za mbele kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, akapima umbali kati yake upande wa mbele, kisha akasukuma gari mpaka alama zifike nyuma na kupima tena. Tofauti iwe milimita chache tu. Ikifika nusu sentimita au zaidi, gari liende kwenye mashine. Reki, boksi, nguzo ya usukani na chochote kilicho karibu na begi la hewa vibaki kwa fundi mwenye ujuzi huo.

Mafundi wa gereji wana hoja yao, na ni haki isikike. Wanasema mwenye gari aliyejifunza nusu ndiye mteja mgumu kuliko wote, kwani huja na jibu tayari, hununua spea mwenyewe Gerezani, na ikishindwa kufanya kazi humlaumu fundi. Malalamiko hayo yana ukweli. Spea inayonunuliwa bila namba ya chasisi mara nyingi haiingii, maana gari la jina moja huwa na tairodi za ukubwa tofauti kwa miaka tofauti. Hata hivyo hoja hiyo haitoshi kumweka mteja gizani. Fundi mzuri hapotezi kitu mteja akiona kiungo kikiruka kwa macho yake. Hupata malipo bila mabishano. Anayeogopa ni yule anayepigapiga boli jointi kwa nyundo ili ikaze kwa wiki moja, anayejaza kipande cha mpira ndani ya kichwa cha tairodi, au anayechomelea mkono wa stelingi uliopinda. Chuma cha stelingi kilichochomelewa hakina dhamana yoyote. Mmiliki akikiona katika gari lake akiondoe, na akikiona katika gari analotaka kununua aondoke yeye.

Lipo pia suala la tabia ya kununua spea moja moja kwa sababu ya uhaba wa fedha. Zamani za uhaba wa kweli, kabla ya mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha za kigeni zao kuagiza bidhaa, mtu alifunga alichokipata na kushukuru. Leo spea zimejaa na tatizo limegeuka kuwa la ubora. Tairodi endi ya bei ya chini kabisa inaweza isimalize msimu katika njia ya Liwale. Inayofaa kununuliwa kwa jozi ni tairodi endi, kwa kuwa za kulia na kushoto zimetembea umbali mmoja. Reki iliyotumika inaweza kuwa nafuu ya kweli endapo mipira yake haijapasuka, mkono wake haujapata kutu, na muuzaji anakubali irudishwe.

Kwa wenye mtaji wa kuzungusha, yote hayo yanaonyesha pengo la biashara. Mashine za kompyuta za alaimenti na balansi ni chache mtu akishatoka Dar es Salaam, wakati Lindi iko zaidi ya kilomita 400 kutoka huko. Nangurukuru ni njia panda ya Kilwa Masoko, Lindi na Liwale, na kila gari la mzigo la wilaya hupita hapo. Anayefikiria kuweka mashine hapo asikimbilie kuhesabu magari yanayopita, ahesabu yanayosimama, kwani mabasi na semitrela yana gereji zake. Wateja wake watakuwa kirikuu, Noah, pikapu na Canter za wilaya, na watakuja kwa wingi msimu wa ufuta na wa korosho, kisha watapungua. Anayeanza na kupima upepo kwa uhakika, balansi na kubadili tairi, akaongeza alaimenti baadaye, ana nafasi kubwa ya kulipa mkopo kuliko anayefungua kila kitu siku moja.

Kwa anayenunua gari msimu huu, majaribio yafanyike kabla ya kukabidhi fedha na yasifanyike katika lami pekee. Usukani uachiwe kidogo kwa sekunde moja mahali pasipo na magari, kona ikatwe hadi mwisho pande zote mbili injini ikiunguruma, tairi za mbele zipapaswe kwa kiganja kuona kama zimeliwa ndani kuliko nje. Muuzaji akikataa gari lisiinuliwe kwa jeki, bei yoyote anayotaja ni kubwa. Na ambao tayari wana magari, oda za tairodi na boli jointi zitolewe mapema, namba ya chasisi ikiwa mkononi, kwani mnada wa kwanza ukishapita kila gereji kati ya Somanga na Mchinga itakuwa na foleni, na kifurushi cha basi kutoka Dar es Salaam hakitamsubiri mwenye magunia.